Dereva Asiyeogopa

Kwa miaka kadhaa mji wa Isiolo uliamini kwamba mimi siogopi kitu. Wazee walinisogezea nafasi kwenye benchi la hoteli. Wenye mifugo walingojea lori langu hata kama lingine lilikuwa limejaa na liko tayari kuondoka. Nikipita mtaa wa Chechelesi jioni, wasichana walinong'onezana na kucheka, nami nilitembea kama mtu asiyesikia. Ilikuwa sifa tamu, na haikuwa yangu.

Nilianza kuendesha lori mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa bado kijana wa ndevu chache. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa hapo mjini, mtu mnene na mpole, rafiki wa marehemu baba yangu. Tulipeleka unga, sukari, majani ya chai na tumbaku mji mdogo wa Merti, tukarudi na mbuzi. Barabara ilikuwa vumbi na mawe, na kila mara ilikatwa na laga, ile mito ya mchanga inayokaa kavu mwaka mzima, mpaka siku mvua inyeshe huko juu usikokuona, maji yaje ghafla na miti ndani yake. Abiria walipanda juu ya mizigo na kushika kamba. Mbele, karibu na dereva, walikaa wagonjwa, wazee, na mwanamke mmoja ambaye nitamwita Mama tu, kwa sababu ndivyo nilivyomwita.

Mama alikuwa Mborana, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha kunyamaza ili umsikie. Alinunua sukari na majani ya chai Isiolo, akauza Merti, na mara nyingi alilipwa kwa mbuzi. Aliketi mbele akiwa amebana chupa yake ya chai katikati ya miguu, chai ya maziwa ya ngamia yenye moshi moshi, na kabla hatujafika nusu ya safari alikuwa ameshanimiminia kifuniko kizima. "Kunywa, mwanangu," alikuwa akisema, "usilale ukatuua." Nilimpenda. Mama yangu mwenyewe alikuwa amefariki, na nadhani Mama alijua hivyo, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Asubuhi moja, mahali ambapo vichaka vinasogea karibu na barabara, wanaume wenye bunduki walitokea mbele yetu. Mmoja alisimama katikati ya njia akainua mkono. Kila dereva wa barabara ile alijua la kufanya. Unasimama, unazima injini, unashuka, unalala kifudifudi. Wanachukua wanachotaka, na mara nyingi wanakuacha na uhai wako. Nilitaka kusimama. Akili yangu iliniambia kanyaga breki, lakini mguu ulikuwa juu ya mafuta na ulikuwa umekauka kama mguu wa kitanda. Haukutoka. Nilifumba macho. Nilisikia mlio wa bunduki, kioo cha pembeni kikapasuka, watu juu wakapiga kelele za kumwita Mungu, na lori likazidi kwenda.

Nilipofumbua macho, barabara ilikuwa wazi mbele yetu na hakukuwa na mtu. Mkono wa Mama ulikuwa kwenye usukani. Mama, ambaye hakuwa amewahi hata kuendesha baiskeli, ndiye aliyekuwa ameshikilia lori lisiingie vichakani.

"Shika gari yako," aliniambia polepole.

Nikashika. Ndipo nilipohisi joto mapajani, nikatazama chini. Nilikuwa nimejikojolea. Suruali yangu ya kaki ilikuwa na doa kubwa mpaka magotini.

Tuliposimama penye makazi ya kwanza ya watu, abiria waliruka chini kabla injini haijanyamaza. Hakuna aliyekuwa ameumia. Walikuja mbio upande wa dereva wakipiga mlango, wakisema nifungue wanibebe. Mimi nilikuwa nimeganda palepale kitini. Mama alifungua chupa yake, akaniangalia mara moja tu usoni, akanimwagia chai yote mapajani. Halafu akafungua mlango wake akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mungu amempa huyu kijana moyo! Hata chai yangu imemwagika yote na yeye hakugeuka!"

Wakanishusha. Suruali iliyolowa haikumshangaza mtu. Mzee mmoja alinibusu paji la uso huku akilia. Kabla hatujafika Merti nilikuwa nimeshapewa jina la sifa kwa Kiborana, ambalo maana yake ni mtu asiyegeuka nyuma.

Siku ile ile ningeweza kusema ukweli. Ningesema mguu ulikataa, basi, na Mama ndiye aliyeshika usukani. Watu wangecheka kidogo na bado wangeshukuru. Lakini nani anakataa kubebwa? Mwenye lori aliniamkua mbele ya duka lake akachinja mbuzi. Vijana waliniuliza ilikuwaje. Mara ya kwanza nilisema nilikanyaga mafuta tu. Mara ya pili nilisema nilimwona yule mwenye bunduki machoni. Baadaye nikawa nasema nilimwelekezea lori makusudi, akaruka pembeni kama swara. Kila nilipoisimulia niliongeza kidogo, na mkono wa Mama ukapungua, mpaka ukatoka kabisa kwenye hadithi.

Siku moja nilikuwa hotelini nikiisimulia hivyo, watu wamenizunguka na miraa mashavuni, nikainua macho nikamwona Mama mlangoni. Alikuwa amekuja kuniuliza tutaondoka lini. Alisikiliza mpaka pale swara aliporuka, akageuka akaenda zake bila kuuliza alichokuja kuuliza.

Hakusema neno, siku ile wala baadaye. Alinipa chai kama kawaida. Na hilo ndilo nililoshindwa kuvumilia. Angenicheka, au angeniomba chochote kama malipo ya kunyamaza, ningejua pa kumweka. Lakini kila aliponipa kile kifuniko cha chai niliona doa la suruali yangu machoni mwake. Nikaanza kumkwepa. "Mama, leo mbele kuna mgonjwa," nilimwambia, hata siku ambayo hakukuwa na mgonjwa. "Mama, leo mwenye gari anatuma mgeni." Yeye alinyanyua gauni lake akapanda juu ya magunia pamoja na vijana, akakaa kwenye jua. Mwanamke mwenye umri wa mama yangu. Mimi huku mbele niliketi na kiti kitupu.

Mwaka wa laga ulikuja baada ya ukame uliokuwa umemaliza mifugo ya watu wengi. Mvua ilirudi, na mbuzi waliobaki wakawa na thamani sana. Mama alikuwa amekaa Merti muda mrefu akikusanya mbuzi wake mmoja mmoja, kwa sukari, kwa tumbaku, kwa kungoja. Kundi lile ndilo lililokuwa mali yake yote. Tuliwapakia nyuma, wakafungwa miguu na shingo wasirukeruke, wakajaa sehemu kubwa ya lori. Mama alipanda juu yao, kwa sababu nilimwambia mbele kumejaa. Mbele alikaa kijana muuza nguo aliyetaka kusikia hadithi ya majambazi.

Tulifika kwenye laga moja pana mchana, jua likiwaka, na laga ilikuwa imejaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kishindo, yakibeba matawi. Lori jingine lilikuwa limesimama ukingoni, na dereva wake, mtu mzima aliyeijua barabara ile kabla yangu, alikuwa amelala chini ya lori lake kivulini. Nilimsalimu.

"Salaam aleikum. Umekaa sana?"

"Aleikum salaam. Tangu asubuhi. Yatashuka, labda kesho. Chukua mkeka ulale."

Nilitaka kulala. Niliyatazama maji yale. Nilijua hayapitiki. Dereva yeyote angejua. Nilikuwa nageuka kumwambia taniboi wangu, msaidizi wa lori, mtu mzima aliyenizidi miaka, ashushe watu, pale niliposikia abiria wangu wakiwaambia abiria wa lori lile, "Nyinyi ngojeni. Sisi tuko na dereva asiyeogopa." Wakaanza kuniita kwa lile jina. Mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. Yule dereva mzee aliinuka kwa kiwiko akanitazama, na mimi nikaona kama ananipima.

"Shukeni wote," nilisema. "Lori lipite jepesi. Nyinyi mtavuka maji yakishuka."

Wakashangilia. Sikuwa nimesema nitapita mpaka nilipojisikia nimeshasema.

Mama alishuka wa mwisho, akaja mpaka dirishani kwangu. Alisimama kwenye ngazi ya mlango, uso wake karibu na wangu, akazungumza kwa ile sauti yake ya chini ili mwingine asisikie.

"Mwanangu, haya maji ni mabaya."

"Nimeyaona."

"Basi tungoje."

"Watu wanataka kufika."

"Watu wanataka kuona mchezo," alisema. "Sema umeogopa. Ukisema, mimi nitasema mimi pia naogopa, nitapiga kelele mpaka wasahau wewe. Hakuna aibu. Siku ile ya bunduki, unafikiri ni wewe peke yako uliyejikojolea? Gauni langu lililowa mpaka kwa kiti. Ile chai nilimwaga kwa ajili yetu wawili."

Ninaandika maneno haya na uso unaniwaka. Kwa miaka yote nilikuwa nimemkimbia mtu huyu kwa sababu alijua siri yangu, kumbe siri ilikuwa yetu sote, na yeye aliibeba bila kuhangaika. Alikuwa amenifungulia mlango. Ningetoka tu. Lakini nilimwona yule muuza nguo akisogea, masikio yamesimama, nikaogopa kwamba amesikia neno lile la kujikojolea. Hofu ile ilinipanda kuliko hofu ya maji. Nikapaza sauti ili wote wasikie.

"Mama, kama wewe unaogopa, kaa kando! Usitie watu woga!"

Watu walicheka. Mama alinitazama kidogo, halafu akashuka ngazini. Akasema, na huu ulikuwa mwisho wa maneno yake siku hiyo, "Angalau nishushie mbuzi zangu."

Kuwafungua mbuzi wote wale kungechukua muda, na nilijua nikizima injini sitaiwasha tena. Nikatia gia.

Maji yalifika kwenye magurudumu, yakafika kwenye ngazi, na kwa muda mfupi nilidhani nitapita. Halafu upande wa mbele ukazama kwenye shimo ambalo mto ulikuwa umelichimba, injini ikakohoa ikafa, na maji yakaanza kuusukuma ubavu wa lori. Nilisikia mbuzi. Sauti yao ilikuwa kama ya watoto wengi wanaolia kwa pamoja. Lori liliinama polepole, bila haraka yoyote, likalala. Mimi nilitokea dirishani nikashika kamba ya turubai, na wachungaji waliokuwa ng'ambo wakanirushia kamba nyingine wakanivuta. Mbuzi walikuwa wamefungwa miguu na shingo. Hakuna aliyeogelea. Wachache walionekana mara moja wakipita juu ya maji, kisha kukawa kimya upande ule.

Nilikaa kwenye mchanga nikitapika matope. Ng'ambo ya pili abiria walikuwa wamesimama mstari mmoja, wameshika vichwa. Mama alikuwa amekaa chini, mikono magotini, anatazama maji. Hakulia. Sikuwa na njia ya kumfikia, na nashukuru sikuwa nayo, kwa sababu sijui ningefanya nini.

Mnajua mji uliipokeaje habari hiyo? Ulinipongeza. Walisema wengine wote waliogopa, mimi peke yangu nilijaribu. Mwenye lori, ambaye alikuwa amepoteza chombo chake, alinishika mkono akasema, "Alhamdulillahi, wewe uko hai. Gari ni chuma."

Mama aliwaendea wazee. Hakutaka ugomvi, alitaka waamue kama ana haki ya kulipwa mbuzi wake. Walituita tukakaa chini nyuma ya duka moja, wazee kwenye mkeka, mwenye lori pembeni, Mama upande wa wanawake. Mzee aliyeongoza alisema jambo lilikuwa rahisi. Kama dereva aliingia akijua maji hayapitiki, basi ni kosa la dereva na mwenye lori atalipa mbuzi. Kama dereva aliona yanapitika na mto ukamgeuka, basi ni ajali, ni ya Mungu, na kila mtu abebe hasara yake.

Akanigeukia. "Wewe ni mtu tunayemwamini. Uliona yanapitika?"

Wote walinitazama kwa upendo. Hilo ndilo lililonifunga mdomo kuliko kitu kingine. Kama wangenitazama kwa hasira, labda ningesema. Nilifungua kinywa nikiwa na nia ya kusema sikuona yanapitika, na sauti iliyotoka ikasema, "Niliona yanapitika."

Mama aliinua kichwa. Alingoja kidogo, kama mtu anayedhani mwenzake bado hajamaliza sentensi. Nilipokaa kimya alijifunga mtandio wake, akawashukuru wazee, akaenda. Hakuwaambia alichoniambia dirishani. Nilikaa nikiogopa kwa wiki nyingi kwamba atasema, na hakusema.

Mwenye lori alinunua jingine baadaye, akaniita. Nilienda mpaka mlangoni, nikaweka mguu kwenye ngazi, na mguu ukaanza kutetemeka hivi kwamba nilijifanya nimeteleza. Nilimwambia mgongo unaniuma tangu ajali. Nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga unga, nikaoa, nikapata watoto. Watoto wangu waliambiwa shuleni kwamba baba yao ni shujaa, wakarudi nyumbani mbio kuniuliza ni kweli. Nikawaambia wamalize kula.

Nilisikia Mama amehamia kijiji cha Rapsu kwa dadake, analima. Watu walilisema kwa kumhurumia, kwa sababu mtu wa mifugo kushika jembe ilionekana kama ameanguka. Ilinichukua miaka kupanda pickup kwenda huko. Nilimkuta kwenye mfereji, gauni limefungwa juu ya magoti, anafungua maji yaingie kwenye vitunguu. Alikuwa amezeeka. Alinawa mikono, akaniamkua, akauliza habari za watoto, akanipikia chai kama mgeni yeyote. Nilipomaliza kikombe nikamwambia yote. Nilisema niliyaona maji, nilijua, niliwadanganya wazee kwa sababu niliogopa waone mimi ni mwoga. Nilisema mpaka nikalia.

Alinisubiri nimalize.

"Hayo yote nayajua," alisema. "Hapa tuko wawili tu. Unaniambia ili iweje?"

"Ili unisamehe, Mama."

"Mimi nilikaa pale kwa wazee nikingoja useme. Pale ndipo neno lilikuwa na kazi. Hapa ni vitunguu tu vinakusikia."

Hakusema kwa ukali. Aliinuka akarudi kwenye mfereji, maji yalikuwa yanapita kiasi.

Nilirudi Isiolo nikaenda kwa wazee. Aliyeongoza kikao alikuwa amefariki, lakini wengine walikuwepo, na mwenye lori pia. Niliwaeleza, kuanzia mguu uliokauka mpaka mkono wa Mama kwenye usukani, mpaka laga. Walinisikiliza vizuri. Kisha mmoja wao akatabasamu, akawaambia wenzake, "Mnaona? Huyu hata sifa hataki. Anamtafutia yule mjane riziki." Wakaniombea dua. Mwenye lori alinipigapiga begani akasema mambo ya zamani yaachwe. Nilipaza sauti, nikasema nilijikojolea, wazee, nilijikojolea! Wakatazama chini kwa niaba yangu, kama watu waliomwona mwenzao amefunukwa nguo na upepo, na mmoja akaagiza chai.

Basi nikaanza kununua mbuzi mwenyewe. Mashine ya unga hailipi sana, na mke wangu aliuliza maswali mpaka nikamwambia, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniamini. Hakunisifu. Alisema, "Anza na majike." Nilipopata kikundi kidogo, ambacho hakikufika hata robo ya wale waliozama, nilikodi pickup nikawapeleka Rapsu.

Mama aliwashusha mmoja mmoja. Aliwafungua midomo akaangalia meno, akawabonyeza mbavu, akawainua miguu. Hakushukuru, nami sikutarajia. Alimtenga mmoja pembeni, jike jekundu nililokuwa nimeliona zuri kuliko wote.

"Huyu ana jicho bovu," alisema. "Rudi naye. Leta mwingine."

"Nitaleta, Mama."

"Mzima."

"Mzima, Mama."

Nilipanda nyuma ya pickup na yule mbuzi, kwa sababu dereva alikataa kumweka mbele. Njia nzima mpaka mji wa Kinna, tukirudi Isiolo, nilimshika shingo asiruke, na yeye akanikojolea viatu.